Bei ya Mdandiaji

Mwaka wa kwanza nilimwaga vifaranga 1,000 vya tilapia katika bwawa letu, mwendo mfupi kutoka sokoni Malakisi. Baada ya miezi saba tukakokota wavu. Tulipata tilapia mia tatu na ushei, na kambare tisa ambao sikuwahi kuwanunua. Walikuwa wanene, wameshiba, sharubu zimewatoka kama wazee wa baraza. Mmoja tulipompasua tulimkuta na tilapia mzima tumboni. Sisemi wale mia saba wote waliishia humo. Mdiria na kulastara nao hawakosi fungu lao. Lakini kambare wale hawakuruka ukuta. Waliingia kwa mlango, ndani ya mfuko uleule nilioulipia, na mkono uliouinamisha mfuko ulikuwa wangu.

Abiria wa namna hiyo tunamjua kwenye stendi: amedandia. Hakukata tikiti, hakuonekana kwenye orodha, na gari likifika anashuka nalo kama mwenye mali. Bwawa la samaki lina wadandiaji wengi, na kila mmoja ana bei yake. Nikihesabu kifaranga kimoja kwa shilingi 10, safari ile ilinigharimu shilingi 7,000 za vifaranga pekee. Chakula cha miezi saba, na samaki ambao hawakufika kikaangoni, hayo sikuyahesabu mbele ya mke wangu.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila njia inayotajwa huku kwetu: za bure, za bei nafuu, na zile zinazoonekana nafuu hadi siku ya kuvua. Vipimo nitakavyotaja ni vya bwawa la mita za mraba 300, kwa sababu ndilo tulilozoea. Serikali ya Kenya ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi mwaka 2009, ilipanga kuchimba mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, na kipimo kilikuwa hicho. Mengi bado yana samaki. Mengine wenyewe waliyaacha, yakaota nyasi, yakawa makao ya vyura. Ukiwa na bwawa la namna hiyo kwa jirani, jua una kiwanda cha wadandiaji ng'ambo ya ua.

Kwanza, kumjua anayedandia. Hapa ndipo wengi wetu tunapoteza pesa, kwa kuwa tunanunua dawa ya mdudu tusiyemjua.

Kambare mchanga hana magamba. Kichwa chake ni bapa, mwili unapinda kama wa nyoka anapoogelea, na mdomoni ana sharubu jozi nne. Hesabu ni muhimu, kwa sababu yuko kiumbe mwingine mwenye sharubu ambaye humchanganya hata mfugaji wa miaka mingi: kiluwiluwi cha yule chura wa majini mwenye kucha. Hiki ni angavu, unaona matumbo, na kwenye pembe za mdomo kina nyuzi mbili tu. Huning'inia katikati ya maji, kichwa chini, mkia ukitetemeka. Mara ya kwanza nilivitupa nikidhani ni kambare, na sikupoteza kitu, maana huyo naye hafai. Akikua anaishi majini maisha yake yote, hana ulimi, miguu ya nyuma ina kucha tatu nyeusi, na vifaranga vidogo ni mlo wake. Vyura wengine, wale wanaotukera usiku kwa kelele, kosa lao ni dogo: viluwiluwi vyao hula chakula ulichonunua kwa ajili ya samaki. Mayai yao huelea yakiwa mafungu ya utelezi. Yale yaliyoungana kama uzi wa shanga ni ya chura wa nchi kavu mwenye ngozi ya mabaka. Yote huchotwa kwa chujio asubuhi, kabla jua halijapanda, na kazi hiyo haina gharama ila ya kuamka.

Wadudu ni habari nyingine. Mtoto wa kereng'ende, kabla hajaota mabawa, huishi chini ya maji akiwa na mdomo unaokunjuka kama mkono na kumnasa kifaranga. Yupo pia mdudu anayeogelea chali, miguu miwili mirefu kama makasia; akikuuma kidole utamkumbuka. Hawa wenye mabawa hawahitaji mfuko wa mtu. Huja wenyewe, na kadiri bwawa lenye maji linavyokaa bila samaki ndivyo wanavyojazana. Ndiyo maana mtu anayejaza bwawa leo na kuahirisha vifaranga mwezi mzima akisubiri bei ishuke huwa anawapikia wageni. Wiki moja au siku kumi baada ya kujaza zinatosha.

Ruba nitawapita haraka. Wanaonekana, wananata, na chumvi inawatosha.

Konokono sitawapita. Katika mabwawa yetu wapo wa aina mbili au tatu wanaobeba vimelea vya kichocho, na anayelipa gharama hiyo ni kijana unayemwingiza majini kukokota wavu. Lakini konokono ana deni lingine ambalo wafugaji wengi hulijua siku ya soko. Kuna mnyoo wa njano, mdogo kama punje ya mchele, anayejificha chini ya ngozi ya samaki, kwenye mashavu na karibu na mapezi. Mnyoo huyo hukomaa kooni mwa kulastara na ndugu zake, mayai yakaanguka majini, yakapitia kwa konokono, kisha kwa samaki, na samaki akaliwa na ndege, mzunguko ukaanza tena. Samaki akipikwa vizuri hana neno. Nenda basi umweleze hivyo mama anayenunua kwa jicho, akiwa amekwisha kuona vidoa vya njano! Ataweka samaki chini, afute vidole, aende meza ya pili. Huwezi kumzuia ndege kuruka. Unaweza kumnyima konokono pa kukaa.

Na konokono anadandia nini? Magugu ya maji ya mapambo ambayo mtoto ameyaleta kwa sababu yana ua zuri, na zaidi ya yote, wavu wa kuazima. Huku kwetu wavu mmoja wa kukokota huhudumia kijiji kizima, unatoka bwawa hili leo jioni na kuingia lile kesho alfajiri ukiwa bado unachuruza. Huo wavu ndio matatu ya konokono. Kuuanika juani siku nzima hadi ukauke kabisa ni bure, na mtu akija kuuomba kabla haujakauka, unamkaribisha chai.

Sasa pesa. Unaweza kulipa mahali patatu: kwa muuzaji, ukingoni mwa bwawa, au ndani ya bwawa. Mahali pa mwisho ndipo ghali kuliko pote, na ndipo nilipolipa mimi.

Kwa muuzaji, vifaranga vya tilapia huku magharibi mara nyingi utavipata kati ya shilingi 5 na 15 kimoja. Vya bei ya chini kabisa hutoka bwawani kwa jirani, au mtoni kwa kijana mwenye ndoo. Vya juu hutoka kwa watotoleshaji wanaouza vifaranga vya madume watupu. Katikati wapo wa vituo vya serikali. Kwa mtu wa Bungoma kituo cha Chwele ndicho kilicho karibu, na wa upande wa Busia wana Wakhungu. Tofauti ya shilingi 5 kwa kifaranga ni shilingi 5,000 kwa elfu moja, nami najua inavyouma, maana ndiyo iliyonifanya nimpigie simu mtu wa bei ya chini. Aliniletea kwa bodaboda, mfuko umefungwa kwa mpira.

"Mzee, hawa ni safi kabisa," akaniambia.

"Safi kwa maana gani, kijana?"

"Wote wanaogelea."

Nilicheka, nikalipa. Siku hizi siulizi kama ni safi. Nauliza walitolewa bwawa gani, bwawa hilo lilikaushwa lini, na kama muuzaji anafuga kambare bwawa la jirani kwa maji ya mfereji mmoja. Akikosa jibu la swali la tatu naondoka. Kifaranga cha mtoni sichukui hata kwa bure: humo kuna kila samaki mdogo aliyezaliwa kati ya Mlima Elgon na mpaka wa Uganda, na huwezi kuwatenganisha kwa macho. Usidanganyike na doa jeusi kwenye pezi la mgongo. Karibu kila mtoto wa jamii ya tilapia analo, awe wa aina inayokua haraka au ya kudumaa. Mistari iliyosimama kwenye mkia ndiyo inayomtambulisha tilapia wa Nile, na kwa samaki mchanga nayo inataka mwanga mzuri na subira.

Ukingoni mwa bwawa ndipo mahali nafuu kuliko pote, na ndipo panaporukwa zaidi. Vifaa ni beseni jeupe, chujio dogo la kitambaa cha chandarua, na chumvi ya kupikia. Beseni liwe jeupe kwa sababu kiluwiluwi angavu haonekani katika karai la bluu. Mfuko ukae juu ya maji ya bwawa robo saa joto lilingane, kisha vifaranga 200 hivi wamiminwe ndani ya beseni la lita 20. Maji ya mfuko hayaingii bwawani hata tone. Yanamwagwa shambani, mbali na mfereji. Unachambua kwa chujio: mwenye sharubu, mwenye miguu, mwenye kichwa cha duara. Halafu chumvi, gramu 10 kwa lita, yaani gramu 200 kwa beseni hilo. Waache dakika zisizozidi 20 huku ukiwatazama. Wakianza kulala ubavu watoe mara moja. Ruba hujiachia, na vimelea vingi vya ngozi na mashavu hufa. Kwa vifaranga 1,000 ni mabeseni matano na kilo moja ya chumvi, ambayo dukani haifiki bei ya vifaranga kumi. Alasiri moja inatosha.

Hila hii hatukuivumbua sisi. Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaofuga matumbawe sebuleni, kwenye matangi ya kioo yenye maji ya chumvi, na baadhi ya samaki wanaowapamba hutoka pwani yetu hapa Kenya, wakivuliwa na wapiga mbizi. Wadandiaji wao huja na mawe na vipande vya matumbawe: kamba anayevunja kombe kwa ngumi, minyoo yenye miiba, na mnyama mdogo mfano wa ua aitwaye Aiptasia, ambaye ukimkata humuui, maana kila kipande huota mwingine. Wenye busara huweka kila kitu kipya katika tangi la pembeni kwa wiki kadhaa kabla ya kukiingiza. Na samaki wa baharini mwenye vimelea huchovywa katika maji baridi kwa dakika chache, wakati sisi samaki wetu wa maji baridi tunawachovya katika chumvi. Maarifa ni yaleyale: mdudu mdogo hushindwa na mabadiliko ya maji kabla samaki hajashindwa. Tofauti ni kwamba mwenye tangi analinda samaki mmoja wa bei ya ng'ombe, nasi tunalinda elfu wa shilingi kumi kumi, kwa hiyo tunaona haya kuhangaika. Tungewahesabu pamoja tusingeona haya.

Ndani ya bwawa, hesabu inabadilika. Njia ya hakika ni kutoa maji yote na kuacha tope likauke hadi lipasuke nyufa, wiki moja hadi mbili za jua. Kambare anaweza kujifukia kwenye tope lenye unyevu akingoja, kwa hiyo vidimbwi vilivyobaki ndivyo vya kushughulikia. Kukausha ni bure kwa mwenye bwawa lenye bomba la kutolea maji. Asiye nalo atakodi pampu, na kujaza upya ni lita kama 300,000, kutwa nzima ya petroli kama maji hayaji kwa mtelemko. Huku Malakisi jua la Januari na Februari linasaidia. Kwa wenzetu wa Kitale, mita 1,900 hivi juu ya bahari, baridi huchelewesha tilapia kukua, na mtu akipoteza msimu amepoteza mrefu zaidi.

Baada ya kukausha ni chokaa, na hapa kuna mtego. Duka la pembejeo litakuuzia chokaa ya shamba, ile ya kupunguza uchachu wa udongo. Ni nafuu, na kwa udongo mchachu inafaa sana. Lakini haiui. Mtu hununua mifuko mitatu, anaitawanya bwawani, anaona weupe, anaamini amesafisha, na konokono wanaendelea kutambaa juu yake. Inayoua ni chokaa kali: ya moto, isiyozimwa, au ile iliyozimwa ambayo mafundi huchanganya na saruji au kupaka ukutani. Kilo 10 hadi 15 kwa kila mita za mraba 100, ikitawanywa juu ya tope lililo bado na unyevu na ndani ya vidimbwi, hupandisha ukali wa maji hadi viumbe vife. Bwawa letu linahitaji kilo 30 hadi 45, yaani mifuko miwili ya kilo 25 kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Kwa bei nilizolipa, mifuko hiyo miwili haikufika nusu ya hasara yangu ya vifaranga. Vaa viatu vya mpira, funika pua na macho, simama upepo ukiwa mgongoni. Kisha jaza maji, ngoja wiki moja au mbili ukali upungue, na kabla ya kumwaga elfu moja weka vifaranga vichache ndani ya chandarua bwawani, walale humo usiku mmoja.

Wale wadudu wanaopumua hewa ya juu wana dawa ya zamani, iliyozoeleka kwa wafugaji wa India: mafuta na sabuni. Kipimo chao ni kilo 56 za mafuta ya bei rahisi na kilo 18 za sabuni kwa hekta, ambayo kwa mita 300 ni kilo moja na robo tatu ya mafuta na nusu kilo ya sabuni. Huyeyushwa pamoja, hunyunyizwa siku isiyo na upepo, siku moja kabla ya vifaranga kuingia, na utando wake huwaziba wadudu pumzi. Upepo ukivuma utando unasukumwa pembeni na umepoteza mafuta ya kupikia. Mimi hufanya hivyo kwa kidimbwi cha kulelea vifaranga wadogo tu. Kwa bwawa zima naona ni gharama ya bure kama vifaranga vimekwisha kufika urefu wa kidole.

Kuna njia mbili ambazo utashauriwa kwa sauti ya chini. Moja ni utupa, ule mmea tunaoupanda kufukuza fuko. Majani yake yakipondwa huua samaki, na babu zetu waliujua. Katika bwawa lililofungwa, kabla ya kuweka vifaranga, unaweza kumaliza samaki wa mwitu waliobaki. Lakini mfereji wako ukitiririka, sumu inakwenda kwa jirani na mtoni, na kuvua kwa sumu ni kosa katika sheria ya uvuvi ya Kenya, ile ya mwaka 2016 ikiwamo. Ya pili ni dawa ya kunyunyizia mahindi au tumbaku, ambayo tangu enzi za tumbaku haikosekani katika stoo nyingi za Malakisi. Hiyo sina la kuilinganisha nayo. Inaua wadudu, inaua samaki, inabaki kwenye tope, na ng'ombe wa mtu anakunywa chini ya mkondo.

Mlango uliobaki ni maji yenyewe. Maji ya chemchemi huja yakiwa safi. Ya mto Malakisi wakati wa masika huja na rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake mayai na vitoto vya samaki wa mwitu. Soksi ya wavu wa matundu madogo, urefu wa mita moja, ikifungwa kwenye mdomo wa bomba la kuingizia maji, huwazuia karibu wote. Fundi cherehani anaishona kwa bei ya kupunguza suruali. Usiache ikajaa takataka, itapasuka usiku wa mvua. Mimi huwa nazo mbili, moja ikifuliwa nyingine iko kazini.

Na bata? Wanakula konokono na viluwiluwi kwa bidii kuliko kibarua, na mbolea yao inarutubisha maji. Ila wafungie wiki za kwanza, vifaranga wakiwa wadogo, maana bata hajui kutenganisha.

Wale kambare tisa tuliwauza wote isipokuwa wawili tuliowala. Nakiri kwamba walileta bei nzuri kwa uzito kuliko tilapia wangu waliodumaa. Mwaka uliofuata nilipita kwa mtotoleshaji nikanunua kambare kwa hiari yangu, thelathini hivi, wadogo kama kidole. Niliwaweka kwenye ndoo yao peke yao, nikawapitisha kwenye beseni na chumvi kama wengine, na nikawaingiza bwawani mwezi wa tatu, tilapia walipokuwa wakubwa mno kumezwa. Majike ya tilapia yalikuwa yameanza kuzaa, na vitoto vilikuwa vikijaza ukingo mzima vikila chakula cha wazazi wao. Wiki mbili baadaye ukingo ulikuwa kimya.